Animaniacs ya flashi: mpya au ya zamani?
Kaka, umeuliza katuni ya Animaniacs uliyowekewa kwenye flashi hapo Malindi ni toleo gani: ni ile ya zamani, ya 1993 hadi 1998. Picha uliyobandika ina mapande meusi kushoto na kulia: enzi hizo katuni zilichorwa kwa umbo la televisheni za kale, 4:3 (upana 4 kwa kimo 3). Toleo jipya lilianza Hulu, huduma ya video mtandaoni ya Marekani, Novemba 2020, likaisha 2023 baada ya misimu 3, nalo linajaza skrini pana, 16:9.

Usitegemee sauti, maana waigizaji wa sauti wa zamani, Rob Paulsen, Tress MacNeille na Jess Harnell, walirudi wote. Tazama wahusika: jipya limebaki na ndugu watatu Yakko, Wakko na Dot, pamoja na panya wawili Pinky na Brain. Slappy, yule kindi mzee mkali, hana tena sehemu yake mwenyewe, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa.

Ila wapo wanaoivuta ya zamani ijae skrini. Ukiona nyuso zimepanuka na magurudumu yamekuwa mayai, ingia mpangilio wa picha kwa rimoti, chagua 4:3. Kama walikata juu na chini, hapo hakuna dawa, tafuta nakala nyingine.