Tairi kubwa na ulaji wa mafuta kwenye Hilux
Mkuu, unalalamika kwamba Hilux inakula mafuta zaidi tangu uvalishe tairi kubwa; sehemu ya hiyo hasara ni ya usomaji wa dashibodi tu. Ukitoa tairi za saizi 265/65R17 ukavalisha 265/70R17, kipenyo kinaongezeka kama asilimia 3.4 (piga hesabu kwa namba za ubavuni mwa tairi), hivyo dashibodi ikisoma kilomita 100 umeshatembea 103 na ushee. Zidisha kilomita za dashibodi kwa 1.034 kabla ya kulaumu injini. Kinachobaki ndiyo hasara ya kweli: uzito wa tairi za matope, na upepo kama umeinua gari. Chipu ya kuongeza nguvu kwenye dizeli ya turbo si lazima iongeze ulaji wa mafuta, mradi ukanyage mafuta kama zamani, na hapo ndipo wengi tunashindwa. Keria tupu ya juu ya gari nayo ishushe, kupunguza upepo.