Kuhamisha wafanyakazi wa kigeni: kazi ya tarehe na hesabu

Wengi huitamani kazi hii wakidhani ni ya kupanda ndege. Anayepanda ndege ni mfanyakazi anayehamishwa. Wewe unabaki Dar es Salaam na jedwali la tarehe.

Kwa anayeanza, dawati la vibali linafundisha haraka kuliko darasa. Mgeni anahitaji vibali viwili: cha kazi, kwa Kamishna wa Kazi, na cha ukaazi, kwa Uhamiaji. Kibali cha kazi hakizidi miezi 24 kwa mkupuo, na kwa mwajiriwa wa kawaida jumla yake ina kikomo. Maombi hukwama kwa vitu vidogo: mkataba umeandika "Meneja Mradi", wasifu "Mhandisi Mwandamizi", fomu "Mshauri". Jina la kwenye cheti nalo halilingani na la pasipoti. Halafu kuna mpango wa urithishaji, unaoonyesha Mtanzania gani atafundishwa nafasi ile, nini na kwa muda gani. Ukinakili wa mwombaji mwingine na kubadili jina tu, usishangae ukirudishiwa.

Mizigo ni fupi zaidi kuieleza. Vyombo vya nyumbani anavyohamia navyo husamehewa ushuru vikifika ndani ya siku 90 tangu mwenyewe aingie nchini, kwa hiyo tarehe ya meli ifuate ya ndege. Orodha iliyoandika "vitu mbalimbali" inaalika ukaguzi wa kila boksi, na gharama za kuhifadhi kontena bandarini haziwasubiri wakaguzi wamalize.

Kinachokupandisha cheo hasa ni hesabu ya mshahara. Tuseme kampuni imemwahidi mgeni posho ya shilingi 3,500,000 mkononi, naye tayari yuko kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 30. Karani asiyejua huongeza asilimia 30 juu yake, anapata 4,550,000. Kodi inakata 1,365,000, mgeni anapokea 3,185,000, na mwezi wa kwanza tu simu inalia: pungufu 315,000. Sahihi ni kugawa 3,500,000 kwa 0.70, yaani sehemu inayobaki baada ya kodi, upate 5,000,000. Ijaribu kabla bajeti haijasainiwa, maana kurudi kwa mkurugenzi wa fedha kuomba nyongeza ya miezi 24 hakupendezi.

Vyeti navyo vipo. Cha GMS (Global Mobility Specialist) cha Worldwide ERC, chama cha wataalamu wa kuhamisha wafanyakazi, kinatambulika kimataifa. Ila kitafute ukishashika mafaili, maana mitihani yake inazungumzia mambo ambayo bila mafaili utayakariri tu.

Na usichanganye ukaazi wa Uhamiaji na ukaazi wa kodi. Huu wa pili hausubiri kibali: mtu akitimiza siku 183 nchini ndani ya mwaka, tayari ni mkaazi kwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Siku hizo zihesabu kwenye mihuri ya pasipoti, ukijumlisha na zile safari za "kuja kuangalia nyumba" ambazo hakuna aliyekutajia.