Kula samaki na familia Mwanza: usitafute sehemu, tafuta mama

Mkuu mleta uzi, nimeusoma uzi wako tangu juzi. Umehamia Mwanza kutoka Dodoma, uko na mke, watoto watatu na mama yako mzazi, mmetoka wikiendi mbili na zote mmerudi mmenuna. Ya kwanza mlisubiri chakula mpaka watoto wakalala mezani. Ya pili mkaletewa bili ya sato watano kama vile mmechinjiwa mbuzi. Sasa unauliza uende wapi, na wadau wamekutajia hoteli kumi ambazo nusu yake ni za kumpeleka bosi aliyetoka makao makuu. Mimi huku ni mwaka wa kumi na mbili, nina watoto wanne na mama mkwe asiyekula hovyo. Nitakupa niliyojifunza, na mengi niliyalipia.

Usitafute sehemu. Tafuta mama anayepika. Banda hilohilo lenye mwonekano uleule wa ziwa, mpishi akiondoka mwezi huu, mwezi ujao unakula kitu kingine kabisa na viti ni vilevile. Ukila ukaridhika, usiagane na mhudumu ukaondoka. Zunguka nyuma kwenye majiko, mpongeze aliyepika, chukua namba yake. Mimi nina namba tatu za hivyo, zote za kando ya ziwa hapa Mwanza: Igombe, Luchelele, na moja ya Kirumba. Familia yangu inakula kwa namba hizo.

Sababu ni hii. Samaki mbichi hana haraka. Aparwe magamba, apasuliwe, akatwe mikato, akae na chumvi na ndimu, mafuta yachemke, akaangwe mpaka mkia uvunjike kama biskuti. Kuanzia kuparwa hadi kufika mezani, usitegemee chini ya dakika arobaini, na hapo mkaa uwe umeshawaka. Familia yenu ya watu sita ina samaki watatu wanne, na karai ni moja. Piga hesabu. Hao waliokuchelewesha huenda hawakuwa wazembe, ila hawakuwa na samaki pale wakati mnakaa.

Hilo lilinikuta Igombe, mwaka wangu wa pili. Tumefika saa saba mchana, tumeagiza sato wanne, dada katuitikia vizuri kabisa. Baada ya nusu saa nikamwona kijana anapanda bodaboda. Baada ya dakika nyingine arobaini nikamwona anarudi na mfuko mweusi, na mkia wa samaki umechungulia. Ndio sato wetu hao wanaingia. Mama mkwe alikuwa amenyamaza ule unyamavu wake. Tulikula saa tisa na nusu, na mtoto wa mwisho alishashiba soda na bisi.

Tangu siku hiyo Jumamosi jioni napiga simu: "Mama, shikamoo, kesho tuko saba, niwekee sato wakubwa watatu na sangara kipande cha kilo moja, tunafika saa sita." Nikifika naangalia samaki, nakubali bei, anaanza kupika, sisi tunatembea. Watoto wanapanda mawe, bibi anakaa kivulini, tunapiga picha, tunarudi chakula kinanukia. Agiza kwanza, tembeeni baadaye. Wengi tunafanya kinyume: tunatembea mpaka njaa inauma, ndipo tunakaa kuanza kungoja.

Kuhusu bili yako. Bei ya samaki inakubaliwa akiwa mbichi, mbele ya macho yako. Akishaingia kwenye mafuta umeshashindwa, maana samaki wa kukaanga hana mzani. Mwambie mama akutolee, umnyanyue mwenyewe. Funua shavu uone kama ndani ni jekundu, tazama jicho kama limejaa au limezama, bonyeza mgongo uone kama nyama inarudi. Halafu uliza swali moja ambalo watu wanaona aibu kuliuliza: hiyo bei ni pamoja na ugali, kachumbari na kupika? Nina uhakika bili yako ya kilio ilikuwa na ugali wa kando, ndizi za kando, na kachumbari ambayo mlidhani ni zawadi.

Njia nyingine ni kununua mbichi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ukampa mama akukaangie, ukalipia mafuta, mkaa na kazi yake. Inaokoa hela, ila inataka mtu aliyezoea. Na kama samaki ni wa ziwani, kumbuka sheria hairuhusu kuvua sato aliye chini ya sentimita 25, yaani mfupi kidogo kuliko rula ya shule. Sangara naye haruhusiwi akiwa chini ya sentimita 50. Ukiona sahani imejaa visato vya ukubwa wa kiganja na unaambiwa ni vya ziwani, ujue vimetoka majini kwa njia ya panya. Siku hizi wapo pia sato wengi wa vizimba, yaani wa kufugwa. Sio wabaya, wana mafuta na wanalingana kama matofali, lakini mimi ulimi wangu bado unamtaka wa ziwani. Muulize mama, asiye mjanja atakwambia ukweli.

Sasa nani ale nini. Watoto wadogo wape sangara. Miiba yake ni mikubwa, unaiona, unaitoa, nyama inabaki nyeupe kama pamba. Sato ni wa wakubwa, na kichwa chake ni cha bibi, msigombanie. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, ni watamu mno kwenye mchuzi lakini miiba yao ni kama sindano za kushonea, mtoto wa chini ya miaka kumi mnyime hata akilia. Kama mama yako ana meno ya shida, mwagizie sato chukuchuku: maji, nyanya, kitunguu, ndimu, pilipili nzima inayoelea bila kupasuka. Huo mchuzi na ugali wa muhogo... haya, tuendelee.

Jingine ambalo mgeni hulijua kwa kuumbuka: huku kandokando ya ziwa Wasabato ni wengi. Baba mkwe wangu, marehemu sasa, alikuwa mmoja. Mara ya kwanza kumtoa, nikajitutumua kwa kuagiza kambale wa kubanika, mnene, mafuta yanadondoka kwenye mkaa. Mzee akatazama sahani, akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu hana magamba." Kambale hali, kamongo hali. Alikula ugali na mchicha siku hiyo, mimi jasho linanitoka. Na wikiendi ya familia ile lazima iwe Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya ibada, na baadhi ya hao mama wenye mikono mizuri hawawashi jiko siku hiyo. Ukipiga simu Ijumaa usiku usipokelewe, usikasirike, Sabato inaanza jua likizama.

Dagaa nao wana kalenda yao. Wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika na mitumbwi inalala. Ukitaka dagaa wabichi wa kukaanga, wale wanaotoka kwenye mafuta wakilia mdomoni kama karanga, enda siku za giza. Siku za mbalamwezi utapewa wa kukausha na utalipa zaidi. Wa kukausha nao chagua walioanikwa kwenye chanja. Walioanikwa chini wanakuja na mchanga wa bure.

Kirumba Mwaloni mimi siendi na familia mchana. Ni soko la kazi, kuna magunia ya dagaa yanayokwenda mpaka Kongo, kuna mikokoteni, kuna wale korongo wenye vipara wanaotembea kama mabwana afya, na mtoto akikuponyoka mkono utamtafuta. Ila saa moja asubuhi, mimi na kijana wangu mkubwa tu, tunakwenda kunywa supu ya kichwa cha sangara kwa chapati. Kichwa kimoja kinatosha wanaume wawili. Mnofu wa sangara unapanda ndege, bondo lake, kile kibofu cha hewa cha tumboni, linauzwa kwa bei ambayo mimi na wewe hatuiwezi, sisi tumeachiwa kichwa, na niseme ukweli, hapo sisi ndio tumepata.

Ukitaka kutoka nje ya samaki, peleka familia Kisesa. Ni kama kilomita ishirini barabara ya Musoma, pale Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma, watoto wangu walizipenda ngoma kuliko kitu chochote. Mwezi wa sita kuna Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, wachezaji wanacheza na nyoka, na watu ni wengi mno kwa mtu mwenye mtoto mgongoni. Ukirudi barabarani nunua matobolwa, yale viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kukaushwa, utafune na karanga za kukaanga. Usichanganye na michembe, hiyo hukaushwa mbichi na inataka kupikwa kwanza. Mke wangu ni wa Bukoba, aling'ata mchembe mkavu mbele ya mashangazi zangu akidhani ni tobolwa. Miaka tisa imepita na bado anaulizwa habari za meno.

Kigongo na Busisi, pale pantoni ilipokuwa ikivusha magari, ni habari ya huzuni kidogo kwangu. Kwetu ni Sengerema, kwa hiyo zamani kila safari ya kwenda kwa wazee ilikuwa na kungoja pantoni, na kungoja huko ndiko kulikuwa mgahawa wetu. Mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha yenye kachumbari ndani, samaki wa kukaanga ndani ya beseni la kioo, unachagua ukiwa umekaa kwenye gari. Watoto walikuwa wanauliza, "Baba, leo tutachelewa pantoni?" wakiomba tuchelewe. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita tatu za juu ya maji, unavuka kabla wimbo wa redio haujaisha. Silalamiki, nimeshawahi kukaa pale saa mbili na mgonjwa kwenye gari, najua thamani ya daraja. Lakini mara ya kwanza tulipovuka, gari zima lilikuwa kimya, mpaka binti yangu wa tatu akasema, "Sasa mayai tutakula wapi?" Safari ya kurudi tukateremka kumtafuta yule mama wa beseni. Tulimkuta amesogea barabarani, anauza kwa abiria wa mabasi yanaposimama. Akatuongezea yai moja.

Ukerewe ni kuzuri, machungwa yake hayana mfano, lakini meli mpaka Nansio ni saa tatu na zaidi. Hiyo ni safari ya kulala, sio ya kula mchana na kurudi. Iache mpaka likizo. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, ni dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point, watoto watawaona swala na pimbi. Sisi tunabeba chakula chetu.

Mambo mawili ya usalama. Usiwaache watoto wachezee maji ya kina kifupi yenye majani wakati mnangoja chakula, hata ukiona watoto wa pale wanaogelea. Kichocho kipo. Mtoto wangu wa pili aliumwa tumbo wiki kadhaa na choo chenye damu, tukadhani amekula kibaya, tukamlaumu mama wa watu wa Luchelele bure. Kipimo kikatoka kichocho. Alipewa dawa akapona, na nilirudi kumwomba radhi yule mama, akacheka.

La pili ni mwewe. Kaa chini ya paa au mti. Mwanangu alinyanyua mshikaki juu kumwonyesha dada yake, na kabla hajamaliza sentensi mshikaki ulikuwa hewani. Kijiti na vyote. Alama ya kucha ilibaki kwenye kidole. Yeye analia, dada yake anacheka mpaka anakaa chini, bibi anasema alikuwa anajidai.

Jumapili hii sisi tunakwenda Luchelele. Mwezi umeshaanza kuchelewa kutoka, giza linarudi, dagaa watakuwepo. Kama mko huru nitumie ujumbe wa faragha kabla ya Jumamosi saa kumi na mbili jioni, useme mko wangapi, mama aweke samaki wa kutosha. Na uniambie mapema kama mama yako anakula kambale.