Kazi za Nyumbani za Mwisho wa Wiki: Penseli Ibaki Mkononi mwa Mtoto

Katika shule nyingi za msingi hapa Tanzania, kazi za nyumbani hutolewa Ijumaa na kukusanywa Jumatatu asubuhi, na ndiyo maana Jumapili usiku utakuta mtoto anasinzia juu ya daftari huku mzazi ndiye anayeandika majibu. Nimewasimamia wanangu na watoto wa majirani, wengi wao wa darasa la pili hadi la nne, kwa miaka kadhaa sasa, na jambo ninalomsihi kila mzazi ni kwamba penseli ibaki mkononi mwa mtoto, hata pale anapoandika jibu ambalo si sahihi.

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hulitegemea daftari limwonyeshe nani ameelewa na nani bado. Mzazi akishasahihisha kila kitu nyumbani, mwalimu atatia vema ukurasa mzima na kuendelea na mada inayofuata, wakati mtoto amebaki palepale alipokuwa.

Chukua hesabu ya 52 − 38. Watoto wengi huandika 26, kwa sababu wakifika kwenye mamoja huona 2 haitoshi kutoa 8, basi hugeuza na kutoa 2 katika 8. Ukimwambia tu kwamba amekosea, atafuta na kubahatisha namba nyingine. Mwulize kwa upole, “Hebu nieleze, hii 6 umeipataje?” kisha umnyamazie aeleze mpaka mwisho. Baada ya hapo mpe vijiti: mafungu matano ya kumi kumi na vijiti viwili vya pembeni. Mwambie aondoe vinane. Atahangaika kidogo, kisha atafungua fungu moja mwenyewe, apate vijiti kumi na viwili, aondoe vinane na kubaki na vinne. Katika mafungu manne yaliyosalia ataondoa matatu, libaki moja. Jibu la 14 atakuwa amelishika kwa mikono yake, na hesabu inayofuata ataifanya bila kukuita.

Kuhusu muda, ninapendelea Ijumaa jioni, mtoto akishakula na kupumzika, tusome maswali yote pamoja bila kujibu hata moja, ili tujue kama kuna kifaa cha kutafuta au swali ambalo halikunakiliwa vizuri ubaoni. Hesabu zifanywe Jumamosi asubuhi kabla ya michezo, wakati akili bado haijachoka na mwanga wa jua upo, kwani umeme ukikatika usiku kazi yote husimama. Jumapili ibaki ya kupitia na kupanga begi.

Wapo wazazi wanaojiona hawana msaada kwa kuwa hawakusoma sana, na hilo hunisikitisha, kwa sababu mtoto anayesoma habari ya ufahamu kwa sauti anahitaji kwanza mtu wa kumsikiliza. Mwambie akusimulie alichosoma kwa maneno yake. Akishindwa kusimulia, arudie kusoma kabla ya kugusa maswali. Kama shule yake inafundisha kwa Kiingereza, mzungumzie jambo lenyewe kwa Kiswahili kwanza, kisha aandike kwa lugha aliyofundishwa. Ikiwa kitabu cha kiada hakipo nyumbani, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo vitabu vya kusoma bure hata kwa simu.

Mtoto akikwama kabisa, acheni swali hilo, nawe uandike chini yake sentensi moja kwa mwalimu: “Namba 6 amejaribu, anakwama kwenye kutoa makumi.” Kosa lilelile likijirudia wiki baada ya wiki, nenda shuleni baada ya vipindi ukiwa na daftari, mlifungue pamoja na mwalimu, na mtoto awepo aeleze mwenyewe anapokwama.