Kona ya jikoni iliyonimezea maharage

Mwaka jana, kabla mvua hazijaanza, harufu ilinilazimisha kutoa kila kitu kwenye kabati la kona la jiko langu hapa Mwanga, Kigoma. Nilipiga magoti, simu nimeibana kwa meno tochi inawaka, nikaanza kuvuta. Zilitoka sufuria mbili ambazo kwa muda mrefu nilikuwa namshuku shemeji yangu kwamba kazisahau msibani. Ukatoka mfuko wa maharage ya Kasulu, wadudu wameshayafanya unga. La mwisho lilikuwa dumu la lita tano la mawese, limepasuka kitako, limevuja taratibu mpaka rafu yote ya chini imekuwa nyekundu. Mawese yakishalowa kwenye MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandamizwa, hayatoki, hata ukisugua kwa maji ya moto na majivu. Rafu niliing'oa nikaitupa.

Kosa lilikuwa langu. Siku ya kutengeneza makabati fundi seremala aliniuliza, "Mama, hii kona tuifanyeje?" Nikamjibu, "Funga tu, tupate kabati kubwa." Akafunga, akaweka mlango wa mshazari, nikalipa, nikafurahi.

Baadaye ndiyo nikachukua futi. Kaunta yangu ina kina cha sm 60, kama nyingi zilivyo, na kabati la kona limekula sm 90 kwa kila ukuta. Mlango wake una upana wa sm 42 tu. Kutoka mlangoni mpaka kwenye pembe ya ukuta ni sm 106. Mkono wangu, begani hadi ncha za vidole, haufiki sm 70. Kwa hiyo zaidi ya sm 30 za kabati nililolipia kwa pesa yangu zilikuwa mali ya mende.

Bibi yangu pale Ujiji hakuwa na kabati hata moja. Kona yake, ile isiyopigwa na jua, ilikaa mtungi wa maji na kata juu ya kifuniko. Maji yanapenya kidogo kwenye udongo, yanakaukia nje, yaliyobaki ndani yanapoa. Basi. Hakuna aliyewahi kuhangaika kutafuta kilichokaa nyuma ya mtungi, maana nyuma ya mtungi hapakuwa na kitu. Mimi kona yangu niliipa kazi ya "weka humo kwanza," ndiyo maana ikala maharage.

Nilichofanya ni rafu ya kuzunguka. Hizi za dukani zipo, ila bei niliyotajiwa ilinifanya nirudi kwa mafundi wa mtaani. Fundi wa kuchomelea alisimamisha bomba la chuma kutoka sakafu ya kabati hadi juu, na beringi ya pikipiki kila mwisho. Seremala akakata rafu mbili za mbao, za duara, kipenyo sm 70. Zingepitaje mlango wa sm 42? Alizikata nusu nusu, akaziingiza, akaziunganisha humo humo. Sasa nasimama palepale, nasukuma kwa kidole, chumvi inakuja yenyewe.

Mwambie fundi aweke ukingo kuzunguka rafu, hata wa sm 4. Yangu wiki ya kwanza haikuwa nao. Binti yangu akaizungusha kwa nguvu, kopo la bizari likaruka nyuma, na kulitoa ilibidi tutumie fimbo ya ufagio. Duara ndani ya pembe linaacha nafasi nyuma, hilo kubali tu. Uzito nao uangalie. Dumu la lita 20 la mawese linakaribia kilo 18, hilo libaki chini sakafuni, usilitwishe bomba. Dagaa wakavu na samaki wa kukausha aina ya migebuka siweki humo kabisa, wanataka hewa.

Kabla ya kukata chochote, pima kama kuta zako zimekaa skweya, yaani zimekutana kwa pembe ya nyuzi 90. Weka alama sm 60 kwenye ukuta mmoja na sm 80 kwenye mwingine, kuanzia kwenye pembe zinapokutana, kisha pima alama kwa alama. Inatakiwa iwe sm 100 kamili. Kwangu ilikuja 102. Ndiyo maana kabati la kwanza liliacha ufa nyuma unaopitisha panya mtoto.

Jirani alinishauri nifiche humo mtungi wa gesi. Hapana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutuama chini, na kabati la kona lililofungwa ndilo bakuli lenyewe. Mtungi ukae mahali penye hewa, unapouona.

Jiko likiwa dogo sana, au pesa imebana, mimi ningesema zika kona. Ziba kabisa, weka droo za maana pande zote mbili, na kati yake acha kipande cha mbao cha sm 5 hivi, la sivyo vishikio vitagongana na droo moja haitafunguka. Utapoteza kona, lakini hutapoteza maharage. Aliyepanga nyumba asijenge kitu. Kistendi cha pembetatu cha kusimamisha kinatosha, siku ya kuhama anakibeba.

Beringi ya chini imeanza kulia. Fundi anataka kuja kuitia grisi, nimemwambia asubiri kwanza. Nikiwa chumbani nikisikia kwiii, najua kuna mtu kwenye sukari.