Mifuko chini ya macho: hukumu ya kuiondoa kwa upasuaji, na swala ya aliyetoka kupasuliwa

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, mimi ni mwanamke wa miaka 46, nina mume na watoto, na nafanya biashara Soko la Mbuyuni, Moshi. Tangu ujana nina mifuko mikubwa chini ya macho kama aliyokuwa nayo marehemu baba, na inazidi kukua. Wateja huniuliza kama nimelia au sijalala; mmoja aliniuliza mbele za watu kama nakunywa pombe. Nimesikia kuna upasuaji wa kope za chini unaoiondoa. Je, si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu? Nikiufanya nitarajie nini, na nitatawadha na kusujudu vipi? Na watu wakiuliza sura imebadilikaje, niseme nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake.

Mama, katika swali lako hukumu ni fupi, ila utekelezaji una mambo mengi. Na hayo ya utekelezaji watu hawayaulizi mpaka wameshatoka chumba cha upasuaji, macho yamevimba na adhuhuri imeingia.

Makatazo yapo na ni makali. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, kubadili maumbile ya Allah ni katika aliyoapa Shetani kuwaamrisha wanadamu. Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanaochanja mwili na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri. Wanazuoni wameshikilia maneno hayo, "kwa ajili ya uzuri". Kwa upande wa pili yuko Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Aliweka pua ya fedha ikamnukia vibaya, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, na dhahabu kwa mwanamume asili yake ni haramu. Kuondoa aibu, yaani kasoro iliyozidi mwili wa kawaida, hakulingani na kutafuta uzuri wa ziada. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilipita njia hiyo hiyo: likaruhusu kurekebisha kasoro zinazomletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi, na likakataza kuondoa makunyanzi kwa kisu au sindano isipokuwa yawe ni maradhi, tena kwa sharti la kusalimika na madhara.

Kwa hiyo mwanamke ambaye kope zake zimelegea tu kwa sababu amefika miaka hamsini, akataka zirudi thelathini, hana ruhusa katika maneno haya. Wewe, kwa ulivyoeleza, una jambo la tangu ujana, limezidi la watu wa rika lako, na linakutia katika tuhuma ya pombe. Hilo tunaliona linaingia katika kuondoa aibu, na inajuzu. Wako wanazuoni wanaokaza zaidi, na ukiacha hutajutia. Masharti ni haya: daktari bingwa athibitishe kuwa ulichonacho kinaondoka kwa kisu, fedha isiwe ya deni wala karo za watoto, maana bima kwa kawaida hazilipii kinachoitwa urembo, na mumeo ajue na aridhie, kwa sababu kwa wiki mbili hivi nyumba itamtegemea yeye.

Hilo sharti la kwanza si la kupamba jibu. Mifuko mingi hutokana na mafuta. Jicho limekalia mto wa mafuta ndani ya tundu la mfupa, na ukuta mwembamba wa kope ya chini huyazuia yasitokeze. Ukuta ukilegea, kwa umri au kwa kurithi kama ulivyorithi, mafuta husukumwa mbele. Ukitazama juu mbele ya kioo mifuko ikajaa zaidi, dalili ni ya mafuta. Lakini kama uvimbe umeanza hivi karibuni, unazidi asubuhi, na miguu nayo inavimba, kapime mkojo na figo kwanza. Macho yakiwa yametokeza kama yamekodolewa, pima tezi ya shingo. Yakiwa yanawasha msimu wa vumbi, huenda ni mzio. Weusi wa ngozi ya chini ya macho hauondoki kwa upasuaji huu, na wanaoahidi kuuondoa wanadanganya. Na kama umewahi kupaka krimu za kujichubua karibu na macho, mwambie daktari: zenye steroidi hukondesha ngozi na zinaweza kupandisha presha ya jicho. Hapo Moshi una bahati ya kuwa karibu na hospitali ya KCMC yenye idara ya macho. Anzia kupimwa kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote.

Mpasuaji makini atakuuliza kama macho hukauka, atavuta kope yako ya chini kwa vidole na kuiachia aone kama inarudi haraka, na atauliza dawa unazotumia. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, mafuta ya samaki, vidonge vya vitunguu saumu na baadhi ya miti shamba huongeza kutoka damu, na mara nyingi husimamishwa wiki moja hadi mbili kabla. Usisimamishe mwenyewe dawa ya moyo au ya kiharusi. Hilo liamuliwe na daktari aliyekuandikia. Presha nayo iwe imetulia.

Kazi yenyewe huchukua kama saa moja hadi mbili, kwa ganzi pamoja na dawa ya usingizi mwepesi, au kwa nusu kaputi. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitia ndani ya kope, upande mwekundu, mafuta yakapunguzwa au yakasogezwa kujaza bonde lililo chini yake. Haiachi kovu nje. Ya pili hukata ngozi chini kidogo ya mstari wa kope, kwa mwenye ngozi iliyozidi. Kwa mwenye mafuta bila ngozi ya ziada, ya kwanza ndiyo salama zaidi, kwa kuwa njia ya nje ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kope kuvutwa chini hadi weupe wa jicho uonekane na jicho lisifunge vizuri. Akiondoa mafuta mengi mno, macho huonekana yamezama kama ya mgonjwa, na kurudisha ni kazi kubwa. Usione ubakhili anapokuachia kidogo.

Uvimbe na damu kuvilia huwa vibaya zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua; wengi huweza kutoka mbele za watu baada ya siku 10 hadi 14. Nyuzi za nje, kama zipo, hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Barafu iliyofungwa katika kitambaa safi hugusishwa kwa dakika chache, kisha inapumzishwa, kwa saa 48 za mwanzo. Lala chali, kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Usiinue gunia wala ndoo kwa wiki mbili au tatu, usipige wanja mpaka uruhusiwe, na kunywa maji na kula mapapai ili usijikamue chooni, kwani kujikamua kunapandisha damu usoni. Jua la kwetu na vumbi la sokoni vinahitaji miwani myeusi. Kovu la mtu mweusi likipigwa na jua mapema linaweza kubaki jeusi. Kama unavaa niqabu, ukingo wake wa juu hukaa hasa pale penye jeraha. Ilegeze ishuke shavuni uvae miwani, au bora zaidi ukae ndani. Sura kamili usiihukumu kabla ya miezi mitatu, na mara nyingine sita.

Sasa lile la kuogopwa. Mara chache sana damu huvuja nyuma ya jicho na kulikandamiza, na jicho linaweza kupofuka ndani ya saa chache. Dalili zake ni maumivu makali yanayoongezeka jicho moja, jicho kusukumwa mbele na kuwa gumu, na kuona kufifia. Hapo usisubiri asubuhi; rudi hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni katikati ya swala, na kuikata swala kwa ajili hiyo inajuzu. Hatari hii iko zaidi katika saa 24 za mwanzo. Kwa sababu hiyo anayefanyiwa Dar es Salaam asipande basi la Moshi siku hiyo wala kesho yake: likimpata kati ya Korogwe na Same, nani atamfungulia jicho? Ahesabu gharama ya siku kadhaa za kulala mjini, na kama hana, asubiri mpaka awe nayo. Ama sindano za kujaza chini ya macho zinazochomwa saluni, hizo hatuziruhusu kabisa. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kupofusha, na asiye daktari hana la kufanya.

Tuje kwenye udhu. Muulize mpasuaji ni siku gani maji safi yanaruhusiwa kupita juu ya kope, kwa kuwa wao hutofautiana. Kabla ya siku hiyo, kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii, osha sehemu ya uso isiyo na jeraha kwa kiganja kilicholowa bila kumwaga, yaani paji, pua, mashavu ya chini na kidevu, kisha tayamamu kwa vumbi safi kwa ajili ya sehemu uliyoiacha, ndipo uende kwenye mikono. Vumbi likung'ute kwenye viganja, na usilifikishe penye jeraha wala penye mafuta ya dawa. Kila swala ya faradhi rudia tayamamu, hata kama udhu haujatenguka. Ukibandikwa utepe juu ya kidonda na ukaambiwa usitolewe, pakaza maji juu yake pamoja na tayamamu. Katika hali hii ya utepe, Mashafii husema swala hizo zilipwe baadaye kwa kuwa uso ni kiungo cha tayamamu. Mahanbali hawaoni kulipa. Anayeweza kulipa na alipe, na anayechukua kauli ya pili hatumlaumu. Machozi yenye damu kidogo yapanguse kwa shashi safi. Katika madhehebu yetu damu ya jeraha haitengui udhu.

Kuinamisha kichwa chini kunajaza damu kwenye mishipa ya uso na kunaweza kufungua mshipa uliozibwa. Sijda na rukuu zote zimo humo. Mashafii wameandika kwamba mwenye maradhi ya macho akiambiwa na daktari mwaminifu kwamba kuswali kwa kulala kutamtibu, kwa kauli iliyo sahihi zaidi inajuzu, ijapokuwa angeweza kusimama. Wewe hali yako ni nyepesi kuliko hiyo. Kusimama kunabaki wajibu, maana hakukudhuru. Simama usome, kwa rukuu ashiria kwa kuinama kidogo, kisha kaa kwenye kiti na uashirie sijda kwa kuinama zaidi kidogo ya rukuu, mgongo na shingo vikiwa vimenyooka. Endelea hivyo mpaka daktari akuruhusu, ambapo mara nyingi ni wiki moja hadi mbili. Wengi hukosea kwa kukaa kitini tangu takbira ya kwanza.

Omba upasuaji ufanyike asubuhi, baada ya alfajiri. Ukipoteza fahamu udhu umetenguka, na ukizinduka utaswali adhuhuri na alasiri. Kuzikusanya kwa ugonjwa ni kauli ambayo Imam Nawawi, ingawa si iliyotegemewa katika madhehebu, aliiona ina nguvu sana, ukihitaji, ichukue. Matone ya macho hayafunguzi saumu kwetu hata ukisikia uchungu kooni, lakini vidonge vinafunguza. Usipange jambo hili Ramadhani wala wiki za kuelekea Ramadhani, kwa kuwa si dharura.

Ukipata mpasuaji mwanamke, huyo ndiye wa kutangulizwa. Usipompata, mwanamume anaruhusiwa kutazama na kugusa kwa kadiri ya haja, awepo mumeo au maharimu katika mazungumzo na uchunguzi.

Kuhusu watu kukuuliza, si wajibu kumweleza mteja mambo ya mwili wako, na uongo haujuzu. Sema "nilikuwa na tatizo la macho, nimetibiwa, alhamdulillah". Hayo ni kweli yote. Wa Mbuyuni wakiendelea kuchimba, wauzie nyanya.

Wallahu aalam.