Mwanamfalme asiye na mfalme

SWALI: Nimepewa kazi ya kutafsiri makala ya Kiingereza kuhusu ukoo mmoja wa Ujerumani. Nimeandika hivi: "Nyumba ndogo ya kifalme ya Reuss ilitawala mji wa Greiz, na kiongozi wake alikuwa Mwanamfalme Heinrich XXII." Mwenzangu anashikilia kwamba XXII isomwe "wa ishirini na wawili" kwa sababu Heinrich ni mtu. Mimi nasema "wa ishirini na mbili". Nani kati yetu amepatia? — Msomaji, Tanga

JIBU: Umepatia wewe. Namba ya mpangilio, ukishavuka kwanza na pili, haijali ngeli. Husemi mtoto wa watatu, unasema mtoto wa tatu. Basi ni Heinrich wa Ishirini na Mbili, hata kama anasikika kama mchezaji wa akiba. Mwenzako akununulie chai.

Lakini maadamu umeniletea sentensi hiyo hadi mlangoni, sikuachi uondoke nayo ilivyo.

Kwanza ifute hiyo "nyumba ndogo" kabla mtu wa nyumbani kwako hajaisoma. Nyumba ndogo kila Mswahili anaijua ni nini, na sio ukoo wa Kijerumani. Mwingereza ana mazoea ya kuuita ukoo nyumba; sisi ukoo tunauita ukoo. Andika "ukoo wa Reuss". Ninakiri kwamba ukoo huo ulikuwa na Heinrich wa Sabini na Mbili, bwana wa Ebersdorf na Lobenstein, aliyemkaribisha Lola Montez, yule mcheza dansi aliyewazuzua wakubwa wengi wa Ulaya, mwaka 1843. Hata hapo neno lako lisingefaa, kwa kuwa bwana yule hakuoa maisha yake yote, na nyumba haiwi ndogo mpaka pawe na kubwa.

Sasa nije kwenye linalonichoma. Mwanamfalme.

Neno lenyewe halina fumbo. Mwana, mfalme. Mwanasheria hakuzaliwa na sheria, wala mwanamaji hakuzaliwa na maji, lakini mwanamfalme sharti awe amezaliwa na mfalme, la sivyo neno linasema uongo. Haya, mchukue Heinrich wako wa 22 tumtafutie baba. Baba yake ni Heinrich wa 20. Mfalme? Hapana, ukimtafsiri kwa mtindo wako naye ni mwanamfalme. Tupande. Baba wa huyo ni Heinrich wa 13. Mwanamfalme. Baba wa huyo wa 13 ni Heinrich wa 11, na huyu ndiye wa kwanza katika mstari wa Greiz kupata cheo unachokitafsiri, alichopewa mwaka 1778 na Joseph II, Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi. Kabla ya hapo walikuwa na cheo cha chini zaidi, Graf. Kwa hiyo, kwa Kiswahili chako, tuna wana wa wafalme vizazi vinne mfululizo na hakuna mfalme hata mmoja wa kuwazaa. Wameota kama uyoga.

Tena umemwonea Heinrich wa watu. Dola la Ujerumani lililoundwa mwaka 1871 lilikuwa na wafalme wanne tu: wa Prussia, wa Bavaria, wa Saksonia na wa Württemberg. Heinrich wa 22 alikuwa hapendi hata kusikia habari za Prussia. Mwaka 1866, katika vita vya Prussia na Austria, yeye akiwa bado hajafikisha umri wa kutawala na mama yake Karoline akitawala kwa niaba yake, mama alichagua upande wa Austria. Majeshi ya Prussia yakaingia Greiz na ukoo ukatozwa faini ya thaler 100,000, fedha ya Wajerumani ya zama zile. Kijana alibaki na kinyongo hicho mpaka akafa nacho mwaka 1902. Mtu kama huyo ukimwita mwana wa mfalme bila kusema mfalme yupi, unamwachia mwenyewe akisie, na wa kwanza kumjia akilini ni yule yule wa Berlin. Hiyo si tafsiri, hilo ni tusi.

Kosa limetoka wapi? Limetoka kwenye kutazama Ulaya yote kwa miwani ya Kiingereza. Mwingereza ana neno moja, "prince", lililotoka kwenye Kilatini "princeps", aliye wa kwanza. Neno hilo moja analitumia kwa mtoto wa mfalme na pia kwa mtu anayetawala nchi yake ndogo mwenyewe. Mjerumani hana uvivu huo. Mtawala ni "Fürst", mtoto wa kiume wa ukoo ni "Prinz". Hayo ni maneno mawili ya watu wawili. Wewe umesoma Kiingereza, ukafungua kamusi, ukakuta "mwanamfalme", ukashukuru Mungu. Ndivyo mtawala wa Monaco anavyofanywa mwanamfalme katika habari zetu ilhali baba yake hakuwa mfalme, na yule wa Liechtenstein vilevile. Ukimwita hivyo mtoto wa mfalme wa Saudi Arabia sina ugomvi nawe: baba yupo, na ni mfalme.

Utaniuliza, basi Fürst tumwiteje? Mtemi. Neno tunalo, limetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, na lina kila kitu tunachokitaka: mtu anatawala nchi yake, nchi si kubwa, cheo ni cha ukoo, na juu yake huenda yuko mkubwa zaidi au asiwepo. Mirambo alikuwa mtemi wa Urambo na hakuna mwandishi mwenye akili timamu aliyemwita mwanamfalme. Greiz ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 316 hivi; Unguja ingeimeza mara tano na kubaki na nafasi. Nchi ya tawi dogo la ukoo, dogo kwa nasaba na si kwa eneo, kule Gera, ilizidi kidogo 800. Huo ni utemi, ndugu yangu. Niliwahi kuandika hivyo katika muswada fulani, mhariri akanirudishia kwa wino mwekundu: "Mtemi ni wa Kiafrika." Sawa. Na sultani je, alikuwa wa Kijerumani? Maana enzi za Afrika Mashariki ya Kijerumani maofisa wao waliwaandika watemi na mamangi wetu "Sultan" huyu, "Sultan" yule, bila kumuuliza mtu. Tukiwaita wakubwa wao watemi, tunawarudishia heshima iliyo sahihi kuliko waliyotupa wao.

Hata asili ya ukoo huu Kiswahili kinaimudu bila jasho. Wazee wao walikuwa "Vögte", wasimamizi waliowekwa na Kaisari huko Weida, Gera na Plauen, na ndiyo maana eneo lile linaitwa Vogtland hadi leo. Sisi tunamwita mtu wa namna hiyo liwali. Vogtland ni nchi ya maliwali. "Reuss" yenyewe ilikuwa lakabu tu, yenye maana ya Mrusi.

Na hizo namba zilizokuleta kwangu zina kisa chake. Tangu zama za kati kila mtoto wa kiume wa ukoo huu aliitwa Heinrich, kwa heshima ya Kaisari Heinrich VI, inavyoelezwa. Si mrithi peke yake, wote: kaka, mdogo, binamu, hata wasiotawala wala kutarajia kutawala. Tawi kubwa la Greiz lilihesabu likilenga mia ndipo lianze upya. Tawi dogo lilianza hesabu mpya kila karne. Kwa hiyo wa 22 si mtawala wa ishirini na mbili, ni Heinrich wa ishirini na mbili tu kuzaliwa katika hesabu hiyo. Ndiyo sababu pia usimchanganye babu niliyemtaja, Heinrich wa 13, na yule mzee Heinrich XIII aliyekamatwa Ujerumani Desemba 2022 akituhumiwa kupanga njama za kuipindua serikali. Kesi yake ni ya mahakimu. Langu ni jina lake, nalo nalisikia likitangazwa "Mwanamfalme Heinrich". Watemi wa Reuss waliachia madaraka Novemba 1918, nchi zao mbili zikaunganishwa, na mwaka 1920 zikamezwa na jimbo la Thuringia. Katiba ya 1919 ilifuta upendeleo wa makabaila wote wa Ujerumani, na vyeo vikabaki sehemu ya jina la ukoo tu. Kisheria "Prinz Reuss" ni jina la ukoo. Kulitafsiri ni sawa na kumwita mchezaji Thomas Müller "Thomas Msagaji".

Anayestahili cheo hicho katika pembe ile ya Ujerumani ni mtu wetu. Salme, binti Sayyid Said wa Zanzibar, aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, aliishi kwa muda Rudolstadt, makao ya utemi mwingine mdogo wa huko huko Thuringia, na alifia Jena mwaka 1924. Baba yake alikuwa sultani kwelikweli. Huyo mwite bintimfalme, na mtemi wa Rudolstadt ampishe njia.

Nina mshirika mmoja katika hasira hizi, naye ni yule yule Heinrich wa Sabini na Mbili. Mwaka 1844 alitoa amri iliyochapishwa gazetini na kuchekwa Ujerumani nzima. Alisema kwamba kwa miaka 20 amekuwa akipanda mgongoni mwa kanuni moja, yaani anataka kila mtu aitwe kwa cheo chake, na watu hawasikii. Kwa hiyo mtumishi wake yeyote atakayemtaja mtumishi mwenzake bila cheo chake atatozwa thaler moja. Wajerumani wakapata msemo wa kumdhihaki mtu mshika kanuni: mpanda kanuni, kama mpanda farasi. Miaka minne baadaye, katika vurugu za 1848, alijiuzulu.

Sentensi yako, basi: "Ukoo wa Reuss, tawi la Greiz, ulitawala utemi mdogo, na mtemi wake alikuwa Heinrich XXII." Mhariri akikataa mtemi, mpe "mtawala", nitanyamaza. Akirudisha mwanamfalme, mdai thaler moja, na nusu yake ni yangu.